Sawasawa Mpaka Kitovuni

Wivu hauna miguu, lakini ndio uliomfikisha Ussi Machano mahali ambapo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kutia unyayo. Wengine hufikishwa mbali na elimu, wengine na biashara. Yeye alifikishwa na mkono mmoja.

Nianze na huo mkono, maana bila ya huo hamtanielewa. Ussi alikuwa fundi wa visima, tena fundi hasa, katika nchi ya mawe ambako mtu huchimba mpaka akamsahau mkewe kabla ya kuona unyevu. Alikuwa na mwenzake mdogo, Shaame, aliyemfunza yeye mwenyewe namna ya kushika mtaimbo na namna ya kulisikiliza jiwe. Mwaka mmoja wakapewa kazi ya kisima cha kijiji. Ussi akashuka pima tisa kwa miezi mitatu, akatoka na vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi, akasema, "Hapa hapana maji. Anayetaka kuendelea na achimbe kaburi lake." Akakusanya vyombo vyake akaenda zake. Siku ya pili Shaame akashuka, akaongeza mkono mmoja. Mkono mmoja tu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Maji yakaja, baridi na matamu, na mpaka leo yapo.

Shaame akamletea Ussi dumu la kwanza nyumbani. Ussi akamshukuru vizuri, akangoja ageuze mgongo, akayamwagia mgomba.

Tangu siku hiyo chakula hakikumkaa tumboni. Akiwaona wanawake wanapita na ndoo, hugeuza uso. Shaame akimwambia, "Shikamoo kaka," humwitikia kwa pua. Watu wakianza kuzungumza habari za kile kisima barazani, Ussi hunyanyuka kabla hawajafika kwenye jina la kisima, kwani alikwishajua kitakuwa kimepewa jina la nani, na hakutaka kulisikia. Mwisho akaomba dua ambayo mtu mwenye akili haombi. "Mola wangu, nipeleke mahali ambapo hakuna anayekunywa maji ya Shaame."

Jinsi alivyosafiri haituhusu. Alifumba macho kwenye joto, akayafumbua kwenye baridi.

Nchi aliyofikia inaitwa Ukomo, na hakuna nchi iliyo mbali na jua kama ile. Jua lenyewe huko ni dogo kama punje ya mtama, linaangaza bila kupasha. Zamani Ukomo ulihesabiwa pamoja na sayari kubwa, ukawa wa tisa wao. Kisha wakubwa wakakaa, wakaupima, wakasema ni mdogo mno, wakaufuta kwenye orodha yao na kuuandika kwenye orodha nyengine, ya sayari kibete. Watu wa Ukomo hawajasahau. Kila nyumba ina dirisha moja, na dirisha hilo hutazama upande ambao wakubwa hawapo. Tusi baya kuliko yote ni kumwambia mtu, "We mmoja wa wale wanane."

Na kwa kuwa walidhalilishwa kwa kipimo, waliapa kwamba kwao hapatakuwa na mtu wa kumpita mwenzake kwa kipimo chochote. Mapaa yote ya nyumba yalikatwa kwa uzi mmoja. Mwenye sauti nzuri ilimpasa akohoe kila baada ya beti. Msichana mwenye vishimo vya mashavuni alitakiwa kuyajaza mashavu upepo anapopita mbele za watu. Harusini, bwana harusi akimsifu bibi harusi, ilimlazimu awasifu na wanawake wote waliohudhuria, mmoja mmoja, kwa maneno yale yale, na ndiyo sababu harusi zao huisha watu wameshachoka na ndoa. Ukimwuliza mtu wa Ukomo, "Hujambo?" hakujibu kwamba hajambo, asije akaonekana anajigamba. Hukujibu, "Kama wewe."

Ussi alitembezwa siku nzima akionyeshwa mambo haya, na siku ya huko ni wiki yetu kasoro kidogo. Hakucheka hata mara moja. Kila alichokisikia kilimwingia moyoni kama uji wa mgonjwa. "Alhamdulillahi," alisema, "nimefika kwetu."

Aliyemtembeza alikuwa Bwana Kadiri, Mkuu wa Usawa, mtu wa makamo aliyekuwa na kawaida ya kupinda magoti kidogo anapozungumza na mfupi. Yeye ndiye aliyemweleza habari za mashimo.

"Tulipofutwa kwenye orodha," alisema Bwana Kadiri, "tulijiuliza sisi tumeumbwa na nini. Tukasema, tuchimbe tujue, pengine ndani yetu mna kitu kitakachowaaibisha wakubwa. Kila mwenye nyumba akaanza shimo lake. Lakini kila mtu alikuwa anachungulia la jirani. Itakuwaje akitangulia yeye? Si atatutambia? Ikapitishwa sheria, tushuke pamoja, anayetangulia amngoje aliye nyuma."

"Sheria nzuri," alisema Ussi kwa dhati.

"Nzuri mno. Aliyekuwa nyuma ya wote ni mzee mmoja, Marehemu Tabu. Alifika pima saba."

"Kisha?"

"Kisha akafa."

"Na nyinyi?"

"Tunamngoja," alisema Bwana Kadiri.

Basi kila nyumba ya Ukomo ina shimo la pima saba, halizidi shubiri, halipungui shubiri, na kuna miaka mingi hakuna aliyeongeza hata ukucha. Kwa kuwa hakuna aliyeona kilichoko chini, wanaume wote walipata kazi ya kukijadili. Wamegawanyika makundi mawili. Wamawe wanasema ndani ni jiwe gumu tangu juu mpaka chini, kama walivyo wakubwa, na kufutwa kwao kulikuwa dhuluma. Wabarafu wanasema ndani ni barafu ile ile iliyo juu, kwani itakuwaje tabaka la chini liwe bora kuliko la juu? Usawa gani huo? Na maneno yao yamechongwa juu ya mlango wa Baraza: SAWASAWA MPAKA KITOVUNI. Makundi haya hayasalimiani, hayaoani, wala hayazikani. Wanakubaliana jambo moja tu, kwamba maji hayamo.

Na maji ndiyo shida kubwa ya nchi ile. Moto haukai, kwani hewa yenyewe ni nyembamba. Kila mwanamke huchukua bonge la barafu, akaliweka chini ya nguo, juu ya ngozi ya tumbo, akaliatamia kama kuku na yai. Hukaa nalo kutwa ya huko, siku sita kwa hesabu yetu, ndipo apate vikombe viwili vya maji. Vikombe vikijaa, huchukua bonge jengine. Wanawake wa Ukomo wana kikohozi kimoja kizito ambacho Ussi alikisikia katika kila nyumba aliyopita. Wanaume hawaatamii, kwa kuwa wanajadili.

Siku ya tatu Bwana Kadiri akampa kazi. "Mpima Mashimo wetu amejiuzulu," alisema. "Watu walimshuku kwamba shimo lake analipima kwa kulihurumia. Wewe huna nyumba, huna shimo, huna jirani. Mgeni hana wivu. Neno lako halitakuwa na mpinzani."

Akamkabidhi ufito wa pima saba na kamba ya kuuteremshia. Ussi akaupokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kumwambia kwao kwamba neno lake halina mpinzani.

Akazunguka nyumba kwa nyumba. Huteremsha ufito, ufito ukagusa, akaandika: sawa. Alifurahi kuliko alivyofurahi miaka mingi. Mashimo yote yale, na hakuna hata moja lililokuwa na mkono mmoja wa ziada! Laiti Shaame angezaliwa huku.

Nyumba ya mwisho katika mtaa wa mwisho ilikuwa ya Siwema, mwanamke mwembamba mwenye mabega ya mchimbaji, aliyekuwa akiishi na dada yake Kazija. Kazija alikuwa amelala pembeni na bonge la barafu tumboni, akikohoa kikohozi kile. Ussi akauteremsha ufito kwenye shimo. Haukugusa. Akalegeza kamba. Haukugusa. Akalegeza mpaka kamba ikamwisha mkononi, na ufito ukaning'inia.

Akanyanyua macho. Siwema alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilijua siku hii itafika," alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu aniletee mtu anayejua kazi, si wale wapiga domo. Wewe, mikono yako ni ya mtaimbo. Nimeiona ulipoingia."

"Sheria unaijua, dada."

"Naijua. Na huyo pale unamwona. Mama yetu aliondoka na kikohozi hicho hicho. Shuka nami, fundi. Ukishaona, uandike utakaloandika."

Ussi akashuka. Na hapa lazima niseme kweli: hakushuka kwa ajili ya Kazija, wala kwa ajili ya sheria. Fundi akiona shimo hawezi kutolichungulia.

Siwema hakuchimba wima kama wenzake. Alichonga ngazi zinazozunguka, kila ngazi ina kishikio, kazi safi ambayo Ussi aliitafutia kasoro na hakuipata. Kifusi alikuwa akikimwaga usiku, kiasi kile kile mbele ya kila mlango, na kwa kuwa kila mtu alipata sawa na mwenzake, hakuna aliyelalamika. Juu kabisa palikuwa na theluji ya hewa iliyoganda, laini kama unga uliolowa. Chini yake barafu ya maji, lakini si barafu ya kuchezea. Ilikuwa ngumu, inalia kama jiwe ukiigonga. Ussi akaigonga kwa mazoea. Wakashuka sana. Siwema mbele yake alikuwa anashuka kama anayekwenda jikoni kwake.

Kisha Ussi akahisi jambo usoni. Vuguvugu.

Mwisho wa ngazi palikuwa na tundu pana kama ungo. Ndani ya tundu, maji. Meusi, mengi, yanapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Ussi akachuchumaa. Akatia kidole, akaonja. Yalikuwa na chumvi na ukali mdogo wa kupanda puani, lakini yalikuwa maji, na hakuna mtu aliyeyaatamia.

"Hii ni bahari," alisema Siwema. "Imezunguka chini ya nchi nzima. Nimeteremsha kata na kamba mpaka kamba zote za nyumbani zikaisha, nikaunga na mikanda. Tazama kilichokuja." Akafungua ncha ya khanga yake. Mlikuwa na mchanga mweusi. "Ulipotoka ulikuwa wa moto, ukaniunguza. Chini ya bahari kuna jiwe, fundi, na jiwe lina moto wake liliozaliwa nao. Ndilo linalozuia maji yasigande. Wamawe wamesema kweli, ila hawakujua kina. Wabarafu nao wamesema kweli, ila waliishia njiani. Wote hao wangeweza kupatana."

Ussi alikuwa ameushika ule mchanga. Alijua anachokiona. Katika umri wake wote hakuwahi kuona kisima kama kile, na hakuna fundi aliyewahi kukiona. Angeweza kuwa na furaha. Kwa muda mfupi, pale alipochuchumaa, alikuwa nayo kweli.

"Kuna siku karibu niache," Siwema aliendelea, na sauti yake ilikuwa na kicheko. "Nilifika hapa, hii ngazi ya juu yako. Barafu imekaza, mtaimbo umenivunjikia, mikono inatoka damu. Nikasema, basi, hamna kitu. Nikageuka. Halafu nikajiambia, ongeza mkono mmoja. Mkono mmoja tu."

Furaha ikamtoka Ussi pale pale. Akaiona sura ya Shaame katika sura ya mwanamke yule, na meno ya Shaame katika kicheko chake. Amesafiri mpaka mwisho wa dunia zote, na mkono ule ule umetangulia kumngoja. Kwa nini wao? Kwa nini kila anapofika yeye, mwengine awe ameshaongeza?

"Utanishuhudia?" aliuliza Siwema. "Sitaki sifa. Nataka shimo wasilizibe tu."

"Nitasema nilichokiona," alisema Ussi.

Baraza lilikaa siku ileile. Watu walijaa mpaka nje, Wamawe kushoto, Wabarafu kulia. Siwema alikuja na kata aliyoijaza maji kule chini, ameikumbatia chini ya nguo, akikimbia. Lakini baridi ya Ukomo haina mchezo. Alipoitoa mbele ya watu, iligonga meza kwa mlio mkavu. Maji yalikuwa yameganda.

Bwana Kadiri akaitazama. "Hii ni barafu," alisema.

"Yalikuwa maji, bwana."

"Barafu zote zinaweza kudai hivyo."

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa Wabarafu akasimama, akasema ikiwa chini ya barafu kuna maji, basi waliochimba pima saba watakuwa wamedhulumiwa, na kwa kuwa katika Ukomo hakuna dhuluma, maji hayawezi kuwapo. Mzee wa Wamawe akasema hajawahi kukubaliana na Mbarafu maisha yake yote, lakini leo anampa mkono. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia machozi kwa kuona ndugu wamepatana. Siwema akauweka mchanga mweusi juu ya meza. Wakaupitisha mkono kwa mkono, na kila mmoja aliupeleka mbele haraka, asije akaonekana ameutazama kuliko jirani yake.

"Yupo mtu mmoja tu aliyeshuka," alisema Bwana Kadiri, "naye hana upande. Fundi Ussi, tuambie. Ndani yetu mna nini?"

Ussi akasimama. Alimwona Kazija kwenye mstari wa nyuma, ameegemea ukuta, mkono kifuani, akijizuia asikohoe ili ausikie ukweli. Alimwona na Siwema. Siwema hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anamtazama kama mtu anayemtazama fundi mwenzake. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angeliogopa kidogo tu, pengine Ussi angelimhurumia. Akajiona anavyosema kweli, na watu wanavyombeba Siwema mabegani, na bahari nzima inavyoitwa Bahari ya Siwema, na yeye amesimama na ufito wake.

"Barafu tupu," alisema Ussi.

Siwema hakupiga kelele. Alimkaribia, akamtazama kwa karibu kama mtu aliyepotelewa na kitu, akasema polepole, "Uliyaonja." Akatoka na dada yake.

Shimo likazibwa. Ni kazi pekee ambayo Ussi aliwahi kuona watu wa Ukomo wakiifanya kwa mbio, tena wakiimba, bila ya kukohoa katikati ya beti. Kila nyumba ilileta kapu moja, ujazo mmoja. Kwa mujibu wa sheria, kapu la kwanza lilimwagwa na mwenye shimo mwenyewe. Siwema akalimwaga, akaingia ndani. Bwana Kadiri akamshika Ussi bega. "Umetuokoa," alisema. "Laiti wangekuwapo wengi kama wewe." Ussi alipenda kusikia hivyo. Alijilazimisha kupenda.

Lakini maji hayajui sheria. Walikuwa wameyapa tundu, kisha wakayaziba mdomo, na yaliposhindwa kupumua yakaanza kusukuma. Siku chache baadaye ardhi ya mtaa ule ikavimba. Ikapasuka. Maji yakatoka mazito, ya vuguvugu, yakaruka na kumiminika na kuganda yanapoanguka, na mengine yakapanda juu ya yaliyoganda, na juu yake mengine, mpaka ukasimama mlima uliopita mapaa yote ya Ukomo, unatoa moshi kileleni. Wanawake walitoka na vyombo. Wangeweza kuyakinga. Lakini nani atakuwa wa kwanza? Wakasimama mstari mmoja wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake atie mguu, na maji yakipita mbele yao yanageuka jiwe.

Siwema peke yake ndiye aliyepanda. Alipanda na ndoo, akashuka na ndoo, akaingiza ndani kwa Kazija, akarudi. Mara ya tatu akapita karibu na Ussi, akasimama. Akachota kata, akamnyooshea.

"Kunywa, fundi," alisema. "Yangali ya moto."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na Ussi angependelea iwepo. Mikono yake haikunyanyuka. Maji yakaganda kwenye kata mbele ya macho yao wawili, na Siwema akayamwaga, yakaanguka kipande kizima.

Baraza likakutana kuujadili mlima. Jambo lilikuwa zito. Fundi asiye na mpinzani alikwishasema ndani ni barafu tupu, kwa hiyo kilichotoka ndani hakiwezi kuwa maji. Na katika Ukomo hakuna kitu kirefu kuliko kitu, kwa hiyo hakiwezi kuwa mlima. Walijadili mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe, kwa kauli moja, Wamawe na Wabarafu pamoja, wakaamua kwamba kile ni shimo lililopinduka. Wakamwita Ussi alipime. Akauegemeza ufito kwenye ubavu wa mlima uliokuwa unamfunika kwa kivuli chake, Bwana Kadiri akimtolea macho, akaandika: pima saba. Sawa.

Ndipo aliposhindwa kukaa tena nchi ile. Ungemwuliza kwa nini, asingeweza kukwambia. Alisimama mbele ya kile walichokiita shimo, akafumba macho, akaomba arudi.

Alifumbua macho kwenye joto. Alikuwa amesimama penye kile kisima cha kwao, mahali ambapo hakuwahi kurudi tangu siku aliyokusanya vyombo vyake. Wanawake walikuwa wanateka. Ndevu zilikuwa zimemjaa na midomo imepasuka kwa baridi, hakuna aliyemtambua. Mmoja wao, kijana aliyeolewa hapo karibuni, akamwonea huruma, akamkaribisha kivulini.

"Karibu upumzike, mgeni. Maji tele hapa. Hiki ndicho Kisima cha Ussi."

Ussi akadhani masikio yake bado yana baridi. "Cha nani?"

"Cha Ussi Machano. Fundi mkubwa, alisafiri. Alichimba pima tisa peke yake, mawe matupu. Shaame yeye aliongeza mkono tu, na mwenyewe husema hivyo kila siku. Tulitaka kukiita Kisima cha Shaame, akakataa kabisa. Akatwambia, mkono haupewi jina mbele ya pima tisa."

Na Shaame huyo anakuja, kwani habari ya mgeni ilikwishamfikia. Alimtambua kwa mbali, kwa namna anavyosimama. Akakimbia, akamkumbatia, akalia waziwazi mbele ya wanawake. "Kaka! Kaka! Shikamoo. Ulikwenda wapi bila ya kuaga?" Ussi akamweleza kwa maneno machache. Watu wakajaa. Hakuna aliyekuwa amesikia habari za nchi ya mbali vile.

"Na wewe fundi," alisema Shaame, macho yanamng'aa, "usingeweza kufika nchi ya watu usitake kujua kilichomo chini yake. Mna nini ndani, kaka?"

Ussi alikuwa na jambo ambalo hakuna mwengine duniani aliyekuwa nalo: theluji ya hewa, barafu inayolia kama jiwe, bahari nyeusi inayopumua, mchanga wa moto. Angeweza kuwaacha vinywa wazi mpaka magharibi. Lakini kulisema kungemlazimu amtaje Siwema, kisha aseme alichomfanyia, na kulisema mbele ya huyu, mtu aliyepewa jina akalitoa kama anayempisha mtu kiti. Alimtazama Shaame na uso wake uliolowa machozi ya furaha, akahisi kile kidudu cha zamani kikigeuka upande ndani ya kifua. Aliuonea wivu hata wema wake.

"Barafu tupu," alisema.

Shaame akawageukia watu. "Mmesikia?" alisema kwa fahari. "Asikudanganyeni mtu. Aliyechimba kisima hiki ameshuka na kuona kwa macho yake. Akisema Ussi ni barafu tupu, basi ni barafu tupu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Yule mwanamke kijana akateka maji, akamletea kata kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, sasa anajua anampa nani. Ussi hakuwahi kuyaonja tangu yalipopatikana. Watu walikuwa wanamtazama, akayanywa yote. Yalikuwa matamu, kama walivyokuwa wakisema.